Uliza Dada Msafiri: Kwenda Korea kuangalia biliadi ya kulipwa

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kwamba nimetoka Korea Kusini kuangalia mashindano ya biliadi ya kulipwa, nikapita zangu nikaendelea na mambo ya mabegi. Basi barua zimemiminika, wengine mnauliza visa, wengine chakula, na kuna mama mmoja wa Mombasa barua yake nimeisoma mara tatu. Nimechagua chache.

*Dada shikamoo. Mi ni mchezaji wa pool huku Tabata, wa mtaani lakini nacheza vizuri. Nimesikia Korea kuna ligi ya kulipwa ya pool na nimeanza kuweka hela kidogokidogo niende siku moja nikaone wenyewe wanavyocheza. Je ni kweli ipo, na nikienda nitaelewa?*
Kijana wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu. Afadhali umeuliza mapema maana ungefika ukumbini ukakuta meza haina shimo hata moja. Wakorea wakisema danggu, yani biliadi, mtu kichwani haimjii pool kabisa, pool ipo na wanaiita poketboli, ila mchezo walioukumbatia ni ule wa mipira mitatu, mmoja mweupe, mmoja wa njano, mmoja mwekundu, kwenye meza kubwa kuliko hizi zetu za baa, sehemu ya kuchezea ina urefu wa mita 2.84 na upana nusu ya hapo, na chini ya kitambaa kuna jiwe linalopashwa moto kwa umeme ili mpira ukimbie mbali. Hamna kutumbukiza. Una mpira wako, mweupe au wa njano, unaupiga uiguse ile miwili mingine, lakini kabla haujaufikia ule wa pili lazima uwe umegonga kingo za meza mara tatu au zaidi. Ukipata, pointi moja na unaendelea, ukikosa unampisha mwenzio.

Sikia tu hivyo unaona kama rahisi, alafu nikwambie kwamba mchezaji wa daraja la dunia kabisa wastani wake ni pointi moja na nusu hadi mbili hivi kwa kila zamu, hao ni watu wanaokula na kulala humo.

Ligi yenyewe inaitwa PBA, ilianza 2019, wanawake wana yao inaitwa LPBA, na mwaka 2020 wakaongeza ligi ya timu ambapo wanaume na wanawake wanacheza timu moja, timu zinabeba majina ya mabenki na makampuni. Wanacheza kwa seti, kwa wanaume seti ni pointi 15, na kuna kitu walichokibadilisha mi nakipenda sana, ukiupiga mpira wako ukaanza na ukingo wa meza kabla ya kugusa mpira wowote, unapewa pointi mbili badala ya moja. Kwaiyo mtu aliyeachwa pointi sita bado ana matumaini, na ukumbi mzima unajua, ndo maana kelele haziishi. Bingwa wa shindano la kawaida la wanaume anaondoka na won milioni 100.

Kuelewa utaelewa, ila fanya kazi moja kabla hujaondoka. Kwenye mbao za meza kuna vialama vidogo vimepangwa kwa nafasi sawa, hata meza zetu za pool vipo ila wengi tunadhani ni urembo. Hawa wenzetu wanavihesabu. Kila alama ina namba, unachukua namba ya pale mpira wako unapotokea, unatoa namba ya pale utakapogonga ukingo wa kwanza, jibu linakwambia mpira utafika wapi kwenye ukingo wa tatu. Ukitoka 50 ukagonga 20, utafika 30. Kuna marekebisho mengi ya msokoto na nguvu lakini msingi ni huo. Ukishalijua hili hutaangalia tena mpira, utaangalia macho ya mchezaji yanavyotembea kwenye mbao, utaanza kubishana naye kimyakimya na ukipatia utafurahi kama umepiga wewe.

*Dadangu, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu huku Mombasa. Binti yangu wa pili ana miaka kumi na sita na anapenda pool kupita kiasi, mjomba wake ana meza dukani basi akitoka shule yuko huko. Watu wanasema, hata shangazi zake wanasema, eti huo ni mchezo wa wahuni na mtoto wa kike hafai kushika hiyo fimbo. Nimesoma kuwa Korea wanawake wanacheza na wanalipwa. Niambie ukweli nimwambie nini mtoto.*
Mama wa Mombasa

Mama yangu, nimekaa na barua yako. Nitakwambia nilichokiona na ninachokijua.

Nilienda zaidi kwa ajili ya wanawake. Nilikaa safu ya tatu Goyang, mji uliopakana na Seoul ambako PBA wana uwanja wao, na meza ya mbele yangu alikuwa anacheza Kim Ga-young. Huyu mwambie binti amtafute, maana alitamba kwanza kwenye pool hiihii ya mashimo, akawa bingwa wa dunia wa mipira tisa kwa wanawake mwaka 2004 na tena 2006, na LPBA ilipoanza 2019 akaacha alichokuwa bingwa wake akaenda kujifunza mchezo mwingine ambao fimbo ni tofauti, mipira ni mikubwa zaidi, meza ni nyingine, na huko nako akawa bingwa. Kumwona akiinama mezani ni kitu kingine. Hana haraka, anaweka chaki, anazunguka meza, anarudi, anainama, na ukishamwona ameinama ujue ameshamaliza kufikiri.

Alafu kuna Sruong Pheavy, na hii ndo hadithi nataka mtoto aisikie. Ni Mkambodia, kwao wakulima, aliolewa na Mkorea akahamia Korea 2010, hajui mtu, hajui lugha, mumewe akampeleka ukumbi wa danggu ili apate kitu cha kufanya asikae ndani peke yake. Hajawahi kushika fimbo maishani. Miaka minane baadaye, 2018, alipata medali ya shaba kwenye ubingwa wa dunia wa wanawake. Leo akicheza Wakambodia wanaofanya kazi Korea wanakuja kumshangilia, na fedha anazopata amekuwa akizitumia kusaidia watoto nyumbani kwao.

Na hilo neno la wahuni, hata Korea walikuwa nalo. Kumbi za danggu zilikuwa na sifa ya moshi na wanaume waliotoroka kazi, zilikuwa zinabandika tangazo mlangoni kwamba chini ya miaka 18 hakuna kuingia, mpaka 1993 mahakama yao ya katiba ikasema tangazo hilo linavunja haki. Sigara zilipigwa marufuku kwenye kumbi hizo Desemba 2017, na mi nilivyoingia nilikuta hewa safi, mama na mwanawe meza ya pembeni wanacheza.

Kwaiyo mama, mi nasema mchezo hauna kosa, mahali ndo panaweza kuwa na kosa. Kama dukani kwa mjomba hakuna pombe na kuna mtu mzima anayemjali, mwache acheze. Ongea na mjomba saa zijulikane na shule isiguswe. Shangazi zake waambie nimesema mimi, na kama wanabisha waje waangalie pambano moja la Kim Ga-young nao, wakae hadi seti ya mwisho.

*Habari dada. Nataka kujua adabu za ukumbini. Kwenye mpira tunapiga kelele tunavyotaka, huko je? Nisije nikatolewa nje.*
Msomaji wa Mwanza

Hutatolewa kaka, ila ujue kuna biliadi za aina mbili. Kuna mashindano ya shirikisho la dunia, UMB, yale ya kombe la dunia ambayo Seoul imewahi kuandaa pia, wachezaji wanavaa vizibao na tai ya kipepeo na ukumbi kimya kama watu wako kwenye mtihani. PBA wao wameweka muziki, taa, watu wana mabango, wachezaji wamevaa mashati yenye nembo za wadhamini kila mahali. Lakini hata huko PBA, mchezaji akiinama watu wananyamaza, na wananyamaza kweli.

Mi siku ya kwanza nilikosea. Mpira ulikuwa umeshagonga ukingo wa pili na nikaona kabisa unaenda kupatia, nikapiga makofi kabla haujafika, mpira ukapita pembeni ya ule mwekundu kwa unene wa kucha, na mchezaji hakugeuka wala hakusema kitu lakini mimi nilitamani kuzama. Bibi mmoja aliyekaa kulia kwangu, umri wa mama yangu, akanigusa mkono polepole, akanionyesha kidole mdomoni, alafu akafungua mfuko wake akanipa chenza mbili. Sikuwa na lugha ya kumshukuru, nikazipokea kwa mikono miwili nikainamisha kichwa, na nilipofanya hivyo uso wake ukachanua kabisa, akanipa na ya tatu.

Hilo la mikono miwili lishike. Kupokea kitu au kumpa mtu mzima kwa mkono mmoja kule ni ukosefu wa adabu, kama ambavyo bibi zetu wangetushangaa. Kumsalimia mkubwa unainama kidogo. Mi mtoto niliyelelewa na shikamoo sikupata shida hata kidogo, miguu ilikuwa inajikunja yenyewe.

Na utaona kitu kizuri sana, mchezaji akipata pointi kwa bahati, yani mpira umezunguka njia ambayo hakuikusudia ukajikuta umepatia, anamgeukia mpinzani anainamisha kichwa kuomba radhi. Pointi anaichukua, ila anaomba radhi. Bahati ya namna hiyo kule mitaa ya Korea wanaiita hurukku. Mi ningependa hiyo desturi ihamie kwetu kwenye meza za pool, maana sisi mtu akipata kwa bahati ndo kwanza anazunguka baa nzima akijisifu.

*Asalaam aleikum dada. Mimi ni Mzanzibari naishi Muscat, nina mpango wa kwenda Seoul na mume wangu mwezi wa pili. Wasiwasi wetu ni chakula.*
Msomaji wa Muscat

Waaleikum salaam dada yangu. Seoul kuna msikiti mkuu, uko Itaewon juu ya kilima, ulifunguliwa 1976, na mitaa inayouzunguka imejaa mikahawa ya halali, ya Kituruki, ya Kipakistani, ya Kikorea pia, na maduka ya nyama. Mkifikia karibu na hapo mnapumzika akili.

Nje ya hapo muwe macho, nguruwe yuko mahali ambapo humtegemei. Ile nyama wanayochoma mezani yenye matabaka ya mafuta, samgyeopsal, ni nguruwe. Jajangmyeon, tambi zenye mchuzi mweusi wa maharage, ambazo ndo chakula chenyewe cha ukumbi wa danggu, watu wanaagiza zinaletwa hapohapo wanakula huku mchezo unaendelea, nazo mara nyingi zina vipande vya nguruwe. Hiyo ukiitaka itafute Itaewon kwenye mkahawa wa halali. Samaki wa kuchoma, supu za samaki, wali na zile sahani ndogondogo za mboga ambazo zinaongezwa bure zikiisha, hizo zitawasaidia, ila mkiuliza ulizeni na supu imechemshiwa nini. Na vijiti msivichomeke wima kwenye wali, wanafanya hivyo kwenye sadaka za marehemu tu.

Mwezi wa pili ni baridi ya kuganda. Msiende na masweta ya Muscat.

*Visa, usafiri, umeme, hela. Kwa kifupi dada, mi siyo mtu wa maneno mengi.*
Msomaji wa Nakuru

Kwa kifupi basi. Mkenya na Mtanzania wote wanahitaji visa, ubalozi wa Korea upo Nairobi na upo Dar, omba mapema na uwe na karatasi za kazi na benki zilizonyooka. Ukishuka uwanja wa ndege wa Incheon nunua kadi ya T-money, unaijaza hela na inafanya kazi kwenye treni na mabasi. Kwenda Goyang kuna njia namba 3 ya treni mpaka Daehwa, na tangu mwisho wa 2024 kuna treni ya kasi ya GTX-A kutoka Seoul Station ina kituo hapohapo Kintex, yale majengo ya maonyesho ya Goyang. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii, beba adapta ya miguu miwili ya mviringo. Ramani ya Google kule haikuongozi vizuri kwa miguu, weka Naver Map. Bakshishi hawatoi, ukiacha hela mezani mhudumu atakufuata barabarani akurudishie. Msimu wa PBA unaishia Machi na ubingwa wao wa dunia, 2024 na 2025 ulichezwa kisiwani Jeju, kwaiyo angalia ratiba kabla ya kukata tiketi.

Na kama nauli ya Korea inakushinda kabisa, kombe la dunia la UMB limekuwa likija Misri, Hurghada na Sharm el-Sheikh, na hao Wakorea wakubwa huja huko pia. Wamisri wana mchezaji wao mzuri, Sameh Sidhom.

*Dada, hivi mtu wa kawaida kama mimi anaweza kuingia kwenye ukumbi wa mtaani Korea akacheza? Au ni wenyewe kwa wenyewe? Na nibebe fimbo yangu?*
Fundi wa meza za pool, Morogoro

Fundi, hapa ndo nilipotaka mtu anifikishe. Uwanjani ni pazuri, lakini mi danggu nilikuja kuielewa mtaani, na nakusihi, hata ukiwa na siku tatu tu, moja iende huko.

Kumbi zipo kila kona, tatizo hazipo chini barabarani, ziko ghorofa ya pili, ya tatu au chini ya ardhi, utaona bango lina picha ya mipira. Mi nilipanda ngazi nyembamba jirani na hoteli yangu, saa nane mchana, ndani wazee watupu. Wote wakageuka. Mmoja akaja, wa miaka sabini na kitu, akaniuliza kitu kwa vidole ambacho baadaye nilijua ndo swali la kwanza la kila ukumbi wa danggu Korea, wewe unapiga ngapi? Kila mtu ana namba yake ya uwezo, anayeanza labda 30 au 50, mchezaji wa kawaida 100 au 150, na fundi mwenyewe 300 kwenda juu, na mnapocheza kila mtu anatakiwa afikishe namba yake, kwaiyo mjukuu wa 50 anaweza kucheza na babu yake wa 500 na pambano likawa la haki. Nilifikiri sana juu ya hilo. Sisi mtu asiyejua anaambiwa akae pembeni aangalie.

Huko mtaani wengi wanacheza ya mipira minne, meza ndogo kidogo kuliko za ligi, na haidai kingo tatu mpaka ile pointi ya kumalizia, kwaiyo hata mgeni anapata pointi. Yule mzee akanipa namba 30, tukacheza. Nilishindwa kwa mbali. Kila nikikosa anarudisha mipira ilipokuwa, anaweka kidole kwenye kitambaa anionyeshe njia, alafu anasema oshi, au anasema hikki. Oshi ni kuusukuma mpira uende mbele baada ya kugonga, hikki ni kuurudisha nyuma, na ni maneno ya Kijapani, yalibaki tangu Wajapani walipoitawala Korea, 1910 mpaka 1945. Biliadi yenyewe ni ya zamani kwao, mfalme wao wa mwisho, Sunjong, alikuwa na meza ndani ya jumba la Changdeokgung, na jumba hilo mpaka leo unalitembelea kwa kiingilio.

Desturi ni kwamba anayeshindwa ndo analipa meza, wanahesabu kwa dakika. Nikatoa hela, mzee akakataa. Nikaishika kwa mikono miwili nikainama, nikamsukumia, akaangalia wenzake, akaichukua, akaenda kulipa kaunta, alafu akarudi na kahawa mbili za kopo na chenji yangu yote, akaketi kando yangu tukaangalia meza ya pili inavyochezwa. Hatukuongea kitu karibu saa nzima. Mtu akipiga vizuri ananigusa bega, mi natikisa kichwa.

Fimbo iache nyumbani. Ya pool ni ndefu na ncha yake ni nene zaidi, hii yao ni fupi kidogo, ngumu, na ncha ni nyembamba, ingawa mpira wenyewe ni mkubwa, milimita 61.5, wa pool ni 57 na kidogo. Ukumbini utazikuta zimepangwa ukutani na mara nyingi na glavu za kuazima. We kama fundi nenda uinamie chini ya meza uone zile nyaya za kupashia jiwe moto zimepita wapi, omba ruhusa kwanza, na ukirudi niandikie maana hilo mi sikuliangalia.